Vumbi la Kutayamamia

Swali lilikuja katika darasa la akina mama baada ya Alasiri, tukiwa kwenye mlango wa tayamamu ndani ya kitabu cha fikihi cha Safina. Mama mmoja wa makamo anayekaa Owino Uhuru aliinua mkono. “Maalim, mamangu ana maradhi ya ngozi mwili mzima, daktari amemkataza maji. Yuwatayamamu kwa mchanga wa nyuma ya nyumba. Mchanga wa kwetu wafaa?”

Wenzake waligeuka wakamtazama. Huku kwetu Mikindani na Changamwe, Mombasa, hakuna asiyejua habari za mchanga wa Owino Uhuru, uliochafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwandani.

Jibu la kitabu ni jepesi. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumekaza masharti kuliko ndugu zetu Wahanafi. Wao humruhusu mtu kutayamamu hata kwa jiwe lililooshwa likatakata. Kwetu sharti uwe udongo wenye vumbi, nalo vumbi lishike kwenye viganja, upanguse uso, upige tena upanguse mikono mpaka viwikoni. Udongo uwe tohara, usiwe umekwisha kutumika, wala usichanganyike na unga na mfano wake. Yakishatimia hayo, pamoja na mengine yaliyotajwa, swala inasihi.

Je, mchanga wenye risasi ni tohara? Ndiyo. Ukizipitia najisi moja moja utakuta mkojo, kinyesi, damu, usaha, mzoga, pombe, mbwa na nguruwe. Madini hayamo. Maji mengi yakiingiwa na najisi hutazamwa mambo matatu, rangi, ladha na harufu, na kama hakuna lililobadilika maji hubaki tohara. Risasi ikiwa ndani ya mchanga haibadilishi hata moja kati ya hayo matatu. Unaweza kuuchota mchanga ule, ukaunusa, ukauweka ulimini ukipenda, usitambue chochote.

Mwanafunzi mmoja mwerevu, aliyewahi kusoma sekondari ya sayansi, alitaka kunisaidia. Akasema risasi iingizwe katika lile neno la unga na mfano wake, mchanga uwe umechanganyika, tayamamu ibatilike, tumalize. Nilimsifu kwa akili zake lakini sikukubali. Unga ulikatazwa kwa sababu huzuia udongo kuifikia ngozi. Risasi haizuii kitu. Tena mchanga wote wa dunia una madini ndani yake. Tukifungua mlango huo hatutabaki na mahali pa kupiga viganja. Na jambo jingine lilinikera zaidi: hila ile ingetuwezesha kuifunga mas'ala bila kuitazama.

Nikamjibu mama yule hivi. Swala zote alizoswali mzazi wako zimesihi, asilipe hata rakaa moja. Kuanzia leo mletee mchanga kutoka mbali, wa kisimani kwa jamaa zako au popote unapopaamini, uuweke kwenye chombo chenye kifuniko. Na kama kuna wajukuu wanaoucheza mchanga huo na kutia vidole kinywani, hao ndio wa kushughulikiwa kwanza, kabla ya udhu wa mtu yeyote.

Jibu la kwanza nililitoa katika mlango wa tohara. La pili na la tatu nililazimika kwenda kuyatafuta kwingine, katika mlango wa vyakula, ambako wanazuoni wetu wamesema wazi kuwa kitu kinaweza kuwa tohara na bado kuwa haramu kukila, kwa sababu ya madhara yake tu. Sumu ya mmea ni mfano wao. Udongo wenyewe ni mfano wao pia: yule anayedhurika kwa kuula ni haramu kwake. Nimewasomea hayo akina mama wanaotafuna udongo wakati wa ujauzito, ule ambao majirani zetu huuita odowa, na kila mwaka wananicheka.

Kwa hiyo fikihi si kipofu. Imeligawa jambo mara mbili: uchafu unaokuzuia kusimama mbele ya Mola, na madhara yanayokuzuia kula. Shida yangu ni kwamba mgawanyo huu umetulea tabia fulani. Mtu wetu akidondokewa na tone la mkojo kwenye kanzu atarudi nyumbani kubadilisha hata kama mvua inanyesha. Mtu huyohuyo ataweka karai la mchicha kando ya barabara, upepo umpitishie vumbi la kiwanda, asitie shaka. La kwanza amefundishwa akiwa na miaka saba. La pili hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa halina nguzo wala sunna za kukariri.

Niseme kilichotokea pale, kwa wasioishi upande huu. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007, ukuta wake na nyumba za watu vimegusana. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari. Betri hupasuliwa, asidi hutolewa, na vipande vya risasi hutiwa tanuruni. Risasi haina ukaidi wa chuma; kwenye nyuzi 327 za Selsiasi imekwisha kuwa uji. Moto ukizidi hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa hugeuka vumbi jepesi mno linalokwenda na upepo. Wakati wa kusi linakwenda huku, wakati wa kaskazi linakwenda kule. Linatua juu ya mabati, na maji ya mvua yanayokingwa chini ya mabati hayo yanaingia mtungini. Linatua kwenye majani ya kunde na mnavu. Mchanga hulishika lisizame, likabaki juu, pale ambapo mtoto anatambaa. Na mfanyakazi wa kiwandani hurudi nalo kwenye nguo, akamnyanyua mwanawe kabla hajakoga.

Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, wakamtibu hili na lile, mwishowe vipimo vikaonyesha risasi, ikidhaniwa imemfika kwa maziwa ya mamake. Dada huyu aliacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Tanuru lilizimwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Yeye si mwanafunzi wangu wala si wa dini yangu, nami humtaja darasani mara nyingi kuliko baadhi ya masheikh, jambo ambalo limenipatia lawama kidogo.

Watafiti walipolinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa jirani uitwao Bangladesh, walikuta ya Owino Uhuru ina risasi takriban mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Katika damu hukaa kiasi cha mwezi mmoja hivi, ndipo nusu yake itoke. Lakini mwili huifananisha na chokaa ya mifupa, ukaihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mwili wake unapochukua chokaa mifupani mwake kumjengea mtoto, risasi inatoka pamoja nayo. Msichana aliyevuta vumbi lile akiwa na miaka minane anaweza kumpa mwanawe miaka ishirini baadaye, akiwa ameolewa Kilifi au Muscat, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia habari za kiwanda.

Hapo ndipo elimu yangu ya tohara inaponyong'onyea. Tohara inadhani kuwa uchafu uko nje yangu, umenigusa, nitauondoa. Nia, maji, nguo safi, nimerudi kama nilivyokuwa. Mtoto aliyezaliwa na risasi mifupani hana pa kurudi.

Nimesema fikihi si kipofu, lakini sitaki kuipamba. Kuna mahali katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, panaponisumbua kila ninapopasomesha. Katika mlango wa kuhuisha ardhi anauliza: mtu ana nyumba katikati ya makazi ya watu, anataka kuifanya hamamu au zizi, au ana duka kati ya wauza nguo, anataka kuligeuza karakana ya mhunzi; azuiwe? Kauli aliyoipa nguvu ni kwamba asizuiwe, maadamu amechukua tahadhari na kuimarisha kuta zake. Ni mali yake, na kumzuia kutumia mali yake nako ni kumdhuru. Kauli ya pili ndani ya madhehebu yetu inasema azuiwe kwa sababu ya majirani, lakini hiyo ndiyo iliyowekwa nyuma. Wamaliki waliubana moshi zaidi kuliko sisi.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuwa Uislamu ulikwisha kuyamaliza mambo ya mazingira, humwomba akae tusome ukurasa huo. Kauli yenye nguvu katika kitabu chetu kikubwa inampa mwenye tanuru ruhusa. Vijana hukasirika wakisikia. Mimi huwaambia wasikasirike, wasome sharti. Imamu hakumpa ruhusa hivihivi, alitaka kuta. Alimwona mhunzi wa zama zake: makaa, nyundo, cheche, joto linalopasua ukuta wa jirani. Madhara aliyoyajua yalikuwa yanazuilika kwa mawe na chokaa. Yule anayevuka ada katika kutumia milki yake, Imamu huyohuyo anamtia dhamana. Vumbi la risasi halijui ukuta. Sharti likiwa haliwezekani kutimizwa, ruhusa iliyofungwa nalo imeanguka pamoja nalo, na hapo hatuna haja ya kuondoka kwenye madhehebu kwenda kwa Imamu Malik. Hayo ni maoni yangu. Wako wanazuoni wenzangu wanaoniambia nimempitisha Nawawi njia ambayo hakuipita.

Wanaopinga wana hoja moja nzito. Wanauliza, nani anajua kuwa ukuta umeshindwa? Jicho halioni. Jirani anasema anakohoa, mwenye kiwanda anasema kila mtu Mombasa anakohoa. Kadhi atahukumu kwa nini?

Lakini fikihi ina shahidi kwa mambo kama haya, na tunamtumia kila siku bila kufikiri. Mama yule aliyeniuliza hakuamua mwenyewe kuwa maji yanamdhuru mzazi wake. Daktari alisema. Madhehebu yetu yanakubali neno la tabibu mmoja mwadilifu kuwa maji yatamdhuru mgonjwa, na kwa neno hilo faradhi ya udhu inahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye mchanga. Ikiwa neno la tabibu linaweza kukuondolea maji, sioni kwa nini karatasi ya maabara isiweze kukuondolea mchanga. Tofauti ni kwamba tabibu mmoja utampata kwa shilingi mia kadhaa kwenye zahanati, na kipimo cha risasi katika damu wakati ule hakikuwa jambo la zahanati za mtaani. Watu walikuwa na ushahidi miilini mwao na hawakuwa na njia ya kuusoma.

Hili la ushahidi wa vitu visivyo na ulimi halinishangazi kama linavyowashangaza wengine. Tunaosoma Sura ya Zilzala tunaamini kuwa ardhi itatoa ushahidi juu ya waliotembea juu yake. Barafu ya Greenland imeshatoa wake mapema: watafiti walipoichimba waliikuta ndani risasi ya matanuru ya zama za Warumi, waliokuwa wakichenjua fedha Uhispania miaka elfu mbili iliyopita. Vumbi la Andalusi likatua kaskazini kabisa ya dunia, likafunikwa na theluji, likahifadhiwa. Hao waliokoka moto pale tanuruni hawakudhani kuna anayeandika.

Na tusiwatazame Warumi tu, wala wenye viwanda peke yao. Wanja wa manga tunaowapaka watoto wachanga machoni, tukinuia sunna na kuwakinga na kijicho, mara nyingi si ithmidi iliyotajwa na wazee. Vipimo vya nchi mbalimbali vimeonyesha kuwa mwingi unaouzwa madukani ni galena, yaani jiwe la risasi na salfa. Mtoto anajisugua jicho, kisha anatia kidole kinywani. Nililisema hili kwenye khutba. Mzee mmoja akanijibu mlangoni kuwa yeye alipakwa na yuko hai. Ni kweli yuko hai, tena ana afya kunishinda. Sikuwa na jibu la kumridhisha akiwa amesimama pale na fimbo yake.

Turudi kwenye mahakama, kwa sababu huko ndiko swali la dhamana lilikojibiwa, na si msikitini. Wakazi walifungua kesi mwaka 2016. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na fedha nyingine za kuusafisha mtaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikayaondoa malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Majaji walisimama juu ya ibara ya 42 ya Katiba, haki ya mazingira safi. Nilifurahi kwamba lawama haikuwekwa juu ya mwenye tanuru peke yake. Iligawanywa mpaka kwenye taasisi za serikali zilizotoa vibali au kufumba macho. Wanazuoni wetu wana mjadala mrefu juu ya aliyetenda na aliyesababisha. Anayechimba shimo njiani bila idhini, mtu akatumbukia, analipa, ingawa hakumsukuma. Wala kwenye kuharibu mali au mwili wa mtu hatuulizi nia. Aliyelala akabiringika akavunja chombo cha mwenzake atakilipa. Nia ni ya udhu. “Hatukukusudia” ni neno linalomsaidia mtu mbele ya Mwenyezi Mungu, na halipunguzi hata shilingi moja mbele ya aliyedhurika.

Pesa, hata hivyo, ni sehemu iliyo nyepesi. Sharti la toba inapohusu haki za waja ni kurudisha. Umeiba mbuzi, rudisha mbuzi. Hapa unarudisha nini? Na mchanga wenyewe utautoharisha vipi? Ardhi iliyokojolewa humwagiwa maji. Risasi ukiimwagia maji unaisukuma kwa jirani wa mtoni. Moto je? Wahanafi wanasema najisi ikichomwa ikawa jivu imetakasika, sisi tunasema jivu la najisi ni najisi, kitu hakijabadilika ila umbo. Nilipokuwa kijana niliiona kauli yetu ni ya ukaidi. Kwa risasi ndiyo iliyopatia: uichome, uizike, uinyeshee mvua ya miaka mia, ni risasi ileile. Kilichobaki ni kuukwangua udongo wa juu na kuupeleka mahali pengine, na mahali pengine pana wenyewe.

Lubumbashi, ambako ndugu zetu wa Kiswahili cha Katanga wameishi chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba kilichoanza mwaka 1911, walikutana na swali hilo kwa ukubwa usiohamishika. Upepo ulipeleka moshi upande mmoja, na upande ule miti ya miombo ikafa, udongo ukabaki mtupu. Watafiti wa chuo kikuu cha pale hawakujaribu kuuondoa mchanga. Walitafuta nyasi fupi inayostahimili shaba, Microchloa altera, wakaipanda ili iushike udongo, vumbi lisiruke kwenye nyumba. Nyasi hiyo haisafishi chochote. Inafunika tu, na sumu iko palepale chini ya mizizi. Mtu wa tohara hawezi kuridhika na hilo. Mtu wa dhamana atalichukua, na atauliza nani anaimwagilia wakati wa kiangazi.

Tangu swali la mama yule nimebadilisha kidogo namna ninavyosomesha mlango wa tayamamu, hata kwa watoto. Kabla ya nguzo huwauliza: mchanga umetoka wapi, nani anafanya kazi gani karibu yake, na upepo wa miezi hii unavuma kutoka upande gani? Baba wa mtoto mmoja, dereva wa lori pale bandarini, alikuja kulalamika kuwa nawaongezea watoto nguzo isiyomo kitabuni. Nikamweleza kuwa si nguzo, ni kuuliza tu.

“Maalim,” akasema, “kuuliza ni bure. Kupima ni pesa.”

Alikuwa na haki, na nilifurahi kuwa kitabu kilimjibu kabla yangu. Asiye na maji ya udhu analazimika kuyanunua ikiwa yanauzwa kwa bei ya kawaida naye ana ziada ya matumizi yake. Bei ikipanda juu ya hapo, au kama hana ziada, amesamehewa. Nikamwambia kupima mchanga kwa mtu wa Changamwe ni bei iliyopanda, kwa hiyo wewe umesamehewa. Ila deni halikufutika. Liko juu ya aliyechafua, na asipopatikana au akishafunga kiwanda akaondoka, liko juu ya baitul-mali.

Akaniuliza baitul-mali ya Mombasa iko wapi siku hizi. Nikamwambia aanzie ofisi za kaunti, na afike mapema, maana foleni ya pale ni ndefu.